Mbegu, Udongo na Hukumu Yetu

Masomo: Ezekieli 18, Mathayo 13:1–9, Yohana 9:1–3

Jumapili moja wakati wa Kwaresima tulimpokea tena kundini kijana mmoja aliyekuwa ametengwa kwa ajili ya ulevi. Alisimama mbele ya madhabahu amevaa shati jeupe la kuazima, akaungama, Mchungaji akamwekea mikono, nasi tukapiga makofi. Mama mmoja wa kwaya alipiga vigelegele hata watoto wakacheka. Wazee wa kanisa tulishikana mikono tukiamini kwamba kazi imekwisha.

Haikupita miezi minne, kijana yule akaonekana amelala mtaroni karibu na kilabu cha pombe, asubuhi, watu wakienda sokoni. Katika kikao cha wazee tulimzungumza kwa dakika chache tu. Mmoja wetu alisema, "Mbegu mbovu ni mbovu tu, hata ukiipanda juu ya samadi." Wengine tuliitikia. Jina lake likaandikwa tena katika orodha ya waliotengwa, tukaendelea na ajenda ya mabati ya paa.

Kikaoni alikuwapo mzee mwenzetu, tabibu mstaafu aliyehudumu miaka mingi katika wodi ya wagonjwa wa damu. Hakusema neno mpaka tulipofunga kwa sala. Tulipofika mlangoni akamwambia yule aliyetoa msemo, "Mzee mwenzangu, habari ya mbegu mbovu nami niliisema sana nikiwa kazini. Mara nyingine ilikuwa kweli. Mara nyingine tulikuwa hatujautazama udongo." Tulimwomba aje atufundishe katika jumuiya, naye akaja jioni tatu. Tunayoandika hapa yametokana na jioni hizo, pamoja na swali zilizotuachia: mtu anapoanguka, kosa ni lake au ni la waliomzunguka?

Kazi iliyofichika mifupani

Wengi wetu tunaujua uloto kwa kuunyonya kutoka katika mfupa wa supu. Ndani ya mtu aliye hai, uloto ni shamba la damu. Chembe nyekundu moja huishi siku zipatazo 120, kisha huchakaa na kuondolewa. Kwa hiyo mwili wa mtu mzima hauna budi kutengeneza chembe nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana, hata tukiwa usingizini. Kazi hiyo hufanyika hasa katika mifupa ya nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Huanzia katika seli chache ziitwazo seli shina. Seli shina yaweza kuzaa nyingine iliyo kama yenyewe, au ikazaa zile zitakazokuwa chembe nyekundu za kubeba hewa, chembe nyeupe za kupigana na maradhi, au chembe za kugandisha damu.

Kwa muda mrefu, ugonjwa wa damu ulipotokea, macho ya waganga yalielekea kwenye seli hizo na watoto wake. Hilo ni jambo la kawaida, kwa maana zao baya likionekana mkulima huanza kuitilia shaka mbegu. Lakini seli shina haziishi peke yake. Zimezungukwa na seli nyingine ambazo zenyewe haziwi damu hata siku moja. Huitwa seli za stroma. Zilizo mama wa stroma ni chache mno: katika uloto uliovutwa kwa sindano hazifiki hata 1 kati ya 1,000. Hizi huzishika seli shina zisitangetange, huzilisha kwa protini maalumu, na huzipa ishara lini zifanye kazi na lini zipumzike.

Mwaka 1977, mtafiti T. Michael Dexter na wenzake huko Manchester, Uingereza, walionyesha jambo hili kwa chupa za maabara. Seli shina za panya zikiwekwa peke yake hazikudumu. Zilipowekwa juu ya utando wa seli za stroma, ziliendelea kuzaa chembe kwa wiki nyingi. Mwaka uliofuata Raymond Schofield, wa mji huohuo, akatoa wazo kwamba seli shina hubaki seli shina kwa sababu ya mahali inapokaa. Ikiondoka mahali pake, huanza kupoteza hali ile. Maana yake, kile tulichodhani ni tabia yake yenyewe, kwa sehemu hushikiliwa na majirani zake.

Panya wa aina mbili

Kisa kilichotunyamazisha kilikuja jioni ya pili. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Marekani na Kanada, miongoni mwao Elizabeth Russell, Ernest McCulloch na James Till, walichunguza panya wa maabara wa aina mbili. Wote walizaliwa na upungufu wa damu, wote wakiwa na manyoya meupe na macho meusi. Kwa kuwatazama ungesema ugonjwa wao ni mmoja.

Wale wa aina ya kwanza walipopewa uloto wa panya mzima, walipona. Wale wa aina ya pili walipewa uloto mzuri vilevile, hawakupona. Kisha uloto wa hao wa pili, wale wasiopona, ukachukuliwa ukapandikizwa kwa wale wa kwanza. Nao wakapona.

Mama mmoja wa jumuiya akauliza, "Daktari, ina maana wale wa pili mbegu zao zilikuwa nzima siku zote?"

"Zilikuwa nzima, mama. Zilikosa pa kukaa."

Miaka mingi baadaye sababu ilijulikana. Panya wa aina ya pili walikosa chakula fulani ambacho udongo wa mifupani huzipa seli shina. Kwa wale wa aina ya kwanza chakula kilikuwapo, ila mbegu zao hazikuwa na mdomo mzuri wa kukipokea. Dalili zilifanana, chanzo kikawa pande mbili tofauti kabisa. Aliyetazama damu peke yake asingeweza kuamua kwa haki.

Tabibu akaongeza mambo mawili. La kwanza ni la mwaka 2010. Watafiti wa Harvard waliharibu chembe moja tu ya urithi katika seli za panya zinazotengeneza mfupa, yaani katika udongo, wakaziacha seli za damu bila kuzigusa. Damu ikaharibika. Uloto wa panya hao ulipohamishiwa kwa panya wazima, ile hali ya kuharibika ikaondoka. Na mbegu nzima zilipopelekwa katika ule udongo mbaya, zikaanza kuharibika nazo. Lakini katika baadhi ya panya ilitokea saratani ya damu, na seli za saratani hiyo zilipochunguzwa zikakutwa na makosa mapya katika urithi wake zenyewe. Ubaya ulioanzia nje ulikuwa umeingia ndani, ukawa sasa ni wa mbegu.

La pili ni kinyume chake. Uko ugonjwa ambao mbegu huutangulia udongo kwa ubaya. Seli za damu zilizopotoka hutoa ishara, na stroma ikizisikia huacha kulisha, huanza kutengeneza nyuzi ngumu kama za kovu. Uloto hukauka kwa makovu, kazi ya damu ikakimbilia kwenye wengu na ini, na wengu ukavimba. Hapo mmoja ameliharibu shamba zima.

Tahadhari moja

Kabla hatujaendelea, lazima tuseme jambo ambalo tusingependa mtu alikosee. Hatusemi kwamba mgonjwa wa selimundu au wa saratani ya damu anaugua kwa sababu ya dhambi yake, ya wazazi wake, au ya jumuiya yake. Wanafunzi walimwuliza Bwana swali hilohilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye akalikataa. Katika makanisa yetu wapo akina mama ambao, baada ya kuugulia mtoto mwenye selimundu usiku kucha, wameambiwa asubuhi kwamba nyumba yao ina laana. Anayesema hivyo anaongeza jiwe juu ya mzigo. Tunajifunza tu kutokana na jinsi Mungu alivyoupanga mwili, kama Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorintho kwa mfano wa viungo, akiwaonyesha kwamba vile vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi.

Tulipojihesabu

Jioni ya tatu tabibu alitueleza habari za kupandikizwa uloto. Hapa nchini watoto wenye selimundu wameanza kupata tiba hiyo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mara nyingi anayetoa ni ndugu wa tumbo moja, na kwa kila ndugu nafasi ya kulingana kikamilifu ni 1 kati ya 4. Uloto wa mgonjwa hufishwa kwa dawa kali, kisha seli za ndugu huingizwa katika mshipa, kama mtu anavyoongezewa damu. Hakuna daktari anayezipeleka mpaka mfupani. Zinazunguka mwilini mpaka zinaitwa na ishara zinazotolewa na stroma, ndipo zinaingia na kukaa. Na stroma hiyo, kwa sehemu kubwa, hubaki ile ya mgonjwa mwenyewe: mbegu ni mpya, udongo ni wa zamani.

Huchukua kama wiki 2 hadi 4 kabla damu mpya haijaanza kuonekana. Katika wiki hizo mgonjwa hana kinga. Hutengwa, lakini kutengwa kwake si adhabu: wauguzi huingia wamenawa, chakula chake huchunguzwa, joto lake hupimwa mara kwa mara. "Siku ya kuingiza seli," tabibu alisema, "ndugu hufurahi, hudhani tumemaliza. Sisi tunajua ndiyo tumeanza."

Hapo baadhi yetu tuliinamisha vichwa. Tulikumbuka makofi na vigelegele vya ile Jumapili. Tukaanza kuhesabu, si wiki za mgonjwa, bali miezi minne ya yule kijana.

Kwaya ilimwambia asubiri nusu mwaka ndipo arudi kuimba, ili watu wamwone kwanza. Jumuiya yake husali nyumba kwa nyumba, lakini zamu ilipofika kwake ilirukwa, kwa kuwa amepanga chumba kimoja na hana viti. Fundi mwashi aliyekuwa akimpa vibarua, ambaye ni mshirika wetu, alimwacha baada ya kilo kadhaa za misumari kupotea. Baadaye misumari ilipatikana, lakini yeye hakuitwa tena. Siku za Jumapili alikaa benchi la nyuma, na benchi lile lilibaki na nafasi. Hakuna mzee aliyeandikiwa kumtembelea. Tulipoulizana, kila mmoja alidhani mwenzake anakwenda.

Je, ni nani aliyemsalimu kila siku kwa jina lake? Ni watu wa kilabuni. Walimwuliza kama amekula. Alipokosa kodi ya chumba walimchangia. Ni aibu kuyaandika haya katika kitabu cha kanisa, lakini ndivyo ilivyokuwa: yeye alitafuta pa kukaa, na mahali palipoita kwa sauti hapakuwa petu.

Hoja ya Yuda

Tuliposema haya kikaoni, mzee mmoja alitupinga, na hoja yake ni nzito. Alisema, "Mkienda hivi mtaiondoa dhambi. Kila mlevi atasema ni udongo. Yuda aliketi na Bwana, alikula naye, aliona miujiza. Udongo gani ulio bora kuliko ule? Na Danieli alikulia Babeli, katika nyumba ya mfalme asiyemjua Mungu, akasimama." Akatukumbusha pia Ezekieli 18, ambapo Mungu anawakataza Israeli kusingizia makosa ya baba zao, na anasema kila mtu atahukumiwa kwa njia zake mwenyewe.

Hatuwezi kuipuuza hoja hii, wala hatutaki. Wale panya wa aina ya kwanza wanaiunga mkono: udongo wao ulikuwa na kila kitu, mbegu ikashindwa kupokea. Tena mtu si seli. Seli haina dhamiri. Kijana wetu alijua njia mbili, na miguu iliyompeleka kilabuni ilikuwa yake. Kumwambia kwamba hakuwa na hiari kungekuwa kumdharau, kana kwamba yeye ni jani linalopeperushwa na upepo.

Lakini tazama hoja hiyo inaonyesha nini hasa. Inaonyesha kwamba udongo mzuri hautoshi kumwokoa kila mtu, na kwamba udongo mbaya haumwangushi kila mtu. Haionyeshi kwamba udongo hauna hatia unapokuwa mbaya. Danieli alisimama, lakini kusimama kwake hakumfanyi mfalme wa Babeli kuwa mwema. Na hata Danieli alikuwa na wenzake watatu wa kuomba pamoja naye. Ezekieli aliyeandika juu ya kila mtu kuchukua dhambi yake ndiye aliyeandika pia, katika sura ya 33, juu ya mlinzi asiyepiga tarumbeta. Katika maneno yale mwovu hufa kwa uovu wake, na bado damu yake hudaiwa mkononi mwa mlinzi. Hatia ya mmoja haikupunguza ya mwingine. Sisi tulidhani lawama ni kama mkate mmoja, mmoja akila kipande kikubwa mwenzake anabakiwa na kidogo. Mungu hagawi hivyo.

Nani aseme nini

Tukafika mahali ambapo swali letu la mwanzo lilibadilika. Tulikuwa tukiuliza kosa ni la nani, kama waamuzi waliokaa nje ya shamba. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekaa nje. Mmoja ni mbegu katika jambo hili, na katika jambo lingine ni udongo wa mwenzake. Kwa hiyo neno lililo kweli likitoka katika kinywa kimoja laweza kuwa toba, na katika kinywa kingine likawa kisingizio.

"Mazingira ndiyo yaliyomwangusha": neno hili likisemwa na sisi tuliokuwa mazingira yake, ni ungamo. Likisemwa na mtu aliyeinua kikombe mwenyewe ili asiungame, ni maficho. "Kila mtu na mzigo wake": likisemwa na aliyeanguka, anapokataa kumlaumu mwingine, lina heshima kubwa. Likisemwa na sisi tulioliacha benchi lake tupu, ni neno la Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake. Tuliyoyafanya kikaoni siku ile ya mabati ndiyo haya: tulichukua ungamo lililokuwa lake tukalifanya hukumu yetu, tukaliacha ungamo letu bila mwenyewe.

Yapo masharti. Mtoto aliyelelewa katika kipigo, binti aliyeharibiwa na mtu mzima aliyeaminiwa, hao wana haki ya kusema juu ya udongo kwa sauti kubwa, nasi hatuna ruhusa ya kuwanyamazisha kwa kuwahimiza waangalie makosa yao kwanza. Tena yako maovu ambayo mtu mmoja huyaingiza na kuifanya jumuiya nzima kuwa kovu, kama ule ugonjwa wa nyuzi ngumu. Huyo kumwondolea madaraka ni kulinda shamba, wala si ukatili. Hatuifuti nidhamu ya kanisa. Tunasema tu kwamba nidhamu inayojua kutenga bila kujua kupokea imefanya nusu ya kazi, nayo ndiyo nusu iliyo nyepesi.

Na hapa ndipo mfano wa mifupani unapokoma. Stroma iliyoharibika haiwezi kujirekebisha kwa kuamua. Udongo wa njiani katika mfano wa mpanzi haukuchagua kuwa njia; watu waliupita tu ukakanyagika. Sisi tunaweza kuchagua. Jembe limewekwa mikononi mwetu, na hilo ndilo linalotufanya tusiwe na udhuru.

Tulikwenda kwake

Tulikwenda wazee watatu, akiwamo yule wa msemo wa mbegu mbovu. Kijana alitukuta mlangoni, akatusalimu shikamoo, akaona haya kwa kuwa hana pa kutukalisha. Tuliketi juu ya ndoo na kitanda. Tulipoanza kumwomba msamaha alitukatiza.

"Wazee wangu, msijitwishe. Mimi ndiye niliyekunywa. Hakuna aliyenishika kinywa nikanyweshwa."

Yule mzee akamjibu, "Ni kweli, mwanangu. Na wakati unakwenda, hakuna aliyekushika mkono."

Wote wawili walisema kweli, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Tukasali, tukanywa chai ya rangi aliyoinunua kwa jirani kwa mkopo.

Leo yuko katika nyumba ya upataji nafuu, na tunamtarajia kabla ya Pasaka. Safari hii hatujaandaa vigelegele kwanza. Katika kitabu cha kumbukumbu za wazee tumeandika nani atamtembelea Jumatatu na nani Alhamisi, kwa majina. Fundi mwashi amekubali kumchukua tena, na amesema atamwomba radhi kwa habari ya misumari. Kwaya imempa joho lake. Jumuiya imenunua mikeka miwili, ili zamu ya chumba kisicho na viti isirukwe tena kwa mtu yeyote.

Kama atasimama au ataanguka tena, hilo hatuwezi kuliahidi, na akianguka hatutasema kwamba hakuanguka. Lakini siku hiyo ikifika, hatutaanza na jina lake. Tutakifungua kile kitabu, tutasoma kwanza majina yetu tulioandikwa Jumatatu na Alhamisi, na kila mmoja ataulizwa alikuwa wapi.